Picha ya Nyota Ichapwe, Iandikwe, Igawiwe

Kamera nzuri zimeongezeka mikononi mwa watu wetu, na pamoja nazo wameongezeka vijana wanaokesha nje ya miji wakipiga picha za anga ya usiku: Njia Nyeupe juu ya mibuyu, Mwezi ukichomoza baharini, Kilimia, Jabari, Msalaba wa Kusini. Picha hizo huonekana kwenye simu, husifiwa siku moja au mbili, kisha hufunikwa na nyingine. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo imeachwa njiani. Picha ya anga ya usiku hukamilika ikitimiza mambo matatu: ichapwe vizuri kwenye karatasi, iandikiwe ukweli wa jinsi ilivyotengenezwa, na iwekwe mahali ambapo watu wasio na kamera wala darubini wataiona kila siku. Nitaieleza hoja hiyo kwa ushahidi wa historia ya picha hizi, kisha nitawajibu wale ambao, kwa sababu za maana, hawakubaliani nayo.

Nianze na Edward Emerson Barnard. Alizaliwa mwaka 1857 Nashville, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, na baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Familia ilikuwa fukara, na darasani hakukaa ila muda mfupi mno. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi aliajiriwa katika studio ya picha, ambako kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine kubwa ya kukuzia picha, iliyotegemea mwanga wa Jua, inalifuata Jua linavyosogea. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa anga duniani. Mwaka 1905 alisafiri na darubini yake ya kupigia picha kutoka kituo cha kutazamia nyota cha Yerkes, Wisconsin, hadi Mount Wilson, California, na sababu yake inatuhusu sisi moja kwa moja. Kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande wa kusini wa anga. Pale Yerkes hakipandi zaidi ya nyuzi 18 hivi kutoka kwenye upeo wa macho, mahali ambapo ukungu na vumbi la hewa huuharibu mwanga. Mount Wilson hufika nyuzi 27. Dar es Salaam hufika nyuzi 68, Nairobi nyuzi 62, na kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo sehemu za bara kama Dodoma na Singida ziko katika kiangazi, hukaa juu sehemu kubwa ya usiku. Kile ambacho Barnard alikifuata kwa safari ndefu, kwetu kinapita karibu na utosi.

Sasa tazama alichofanya na picha zake. Mitambo ya kuchapia vitabu ya wakati ule haikuweza kuhifadhi tofauti ndogo kati ya weusi wa anga na weusi mzito zaidi wa madoa yanayoikata Njia Nyeupe. Barnard akaamua kwamba atlasi yake ya picha za Njia Nyeupe isichapwe kwa mitambo hiyo. Ibebe picha zenyewe, zilizosafishwa moja moja kwenye karatasi ya picha. Nakala zilikuwa 700 na kila nakala ilihitaji picha 51, jumla 35,700, na inajulikana kwamba alizikagua yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 1923 kabla atlasi haijatoka. Wenzake, Edwin Frost na Mary Calvert, aliyekuwa msaidizi wake, ndio walioikamilisha, na Carnegie Institution ya Washington ikaitoa mwaka 1927. Kwa nini mtu ajitese hivyo? Kwa sababu swali lote lilikuwa ndani ya weusi ule. Tangu zama za mwanaastronomia William Herschel kulikuwa na fikra kwamba madoa yale ni matundu, mahali pasipo na nyota. Barnard mwenyewe alisitasita kwa miaka mingi, hadi picha zikamwelekeza kwingine. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya madoa meusi 182, na leo tunajua kwamba kwa sehemu kubwa ni mawingu ya gesi na vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake, tena ndani ya mawingu ya namna hiyo nyota mpya huzaliwa. Kama weusi ungegeuka kijivu katika kuchapa, ushahidi ungepotea. Uzuri wa picha na nguvu ya hoja vilikuwa kitu kimoja.

Ushahidi wa pili unahusu kugawana. Chuo Kikuu cha Harvard kina hazina ya vioo vya picha za anga takriban nusu milioni, vilivyoanza kukusanywa katika miaka ya 1880. Baadhi vilipigwa Arequipa, Peru, ambako chuo hicho kilikuwa na kituo, vikasafirishwa hadi Cambridge, Massachusetts. Huko mwanaastronomia Henrietta Leavitt aliinamia vioo hivyo akilinganisha ukubwa wa vitone vya nyota. Alichunguza Wingu Dogo la Magellan, ambalo katika anga ya Massachusetts halichomozi kamwe. Taarifa ya mwaka 1912 kuhusu nyota 25 ambazo mwanga wake hupwa na kujaa ilionyesha kwamba nyota inayochukua muda mrefu zaidi kukamilisha mzunguko wake ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi. Kanuni hiyo ikawa kipimo cha umbali. Oktoba 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson, aliipata nyota ya aina hiyo katika picha ya Andromeda, na kwa kanuni ya Leavitt akaonyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali kabisa nje ya Njia Nyeupe. Mnyororo huo mzima ulianza kwa mtu aliyetazama picha zilizopigwa na wengine, za anga ambayo pale alipokaa asingeiona. Mpiga picha hawezi kujua mapema ni macho ya nani yataona kile ambacho yeye hakukiona. Akizuia picha yake, anazuia pia macho hayo.

Hapa linaingia pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Watu husema: picha hizi zimepakwa rangi na kunolewa kwenye kompyuta, anga haiko hivyo, kwa nini tutundike uongo ukutani? Jibu langu linapitia kwenye picha moja maarufu, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ya mpiga picha Ansel Adams. Jioni hiyo Adams aliona Mwezi umepanda juu ya kijiji, na misalaba ya makaburini inang'aa kwa mwanga wa mwisho wa Jua. Hakukiona kipima-mwanga chake, akakisia kwa kutumia mng'aro wa Mwezi alioujua kwa hesabu, akapata picha moja tu kabla mwanga haujaondoka kwenye misalaba. Baadaye, katika chumba cha giza, aliitengeneza upya mara nyingi. Mwaka 1948 aliongeza kwa dawa nguvu ya sehemu ya chini ya negativu, na kadiri miaka ilivyopita alilifanya anga kuwa jeusi zaidi, hadi vijiwingu vilivyoonekana katika chapa za mwanzo vikakaribia kutoweka. Aliyesema picha hii imebadilishwa amesema kweli.

Lakini sikiliza kilichofuata. Adams hakukumbuka tarehe aliyoipiga. Alitaja miaka mbalimbali kati ya 1940 na 1944. Mwanaastronomia David Elmore wa Colorado alipima mahali pa Mwezi ndani ya picha, akafanya hesabu, akapata 31 Oktoba 1941. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1991, Dennis di Cicco alisahihisha mahali kamera iliposimama, akapata 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 jioni. Giza lote aliloliongeza Adams halikuusogeza Mwezi. Picha iliyofanyiwa kazi nyingi kiasi kile bado ilitoa ushahidi uliokuwa sahihi kuliko kumbukumbu ya aliyeipiga. Kwa hiyo mpaka tunaoutafuta unaonekana. Kubadilisha kiasi cha mwanga na kiza ni kazi halali ya msanii. Kuuhamisha Mwezi, kuukuza mara tano, au kuibandika Njia Nyeupe upande wa kaskazini wa mlima wakati kitovu chake kiko kusini, huko ni kuvuruga ushahidi, hata picha ipendeze vipi.

Kuhusu rangi, pingamizi lenyewe limesimama juu ya dhana kwamba jicho letu ndilo kipimo cha ukweli. Katika mwanga hafifu jicho hutumia chembe zisizotambua rangi; ndiyo sababu usiku kanga nyekundu na ya kijani huonekana kijivu, ingawa hazijapoteza rangi. Wingu la gesi ya hidrojeni huangaza wekundu wa kweli ambao sisi hatuuhisi kwa sababu ni hafifu mno. Kamera ikikaa wazi sekunde 20, kisha ikarudia mara mia na picha zikapandanishwa, chenga hupungua mara kumi kulinganisha na nyota, na wekundu ule hujitokeza. Haukuongezwa, ulikuwepo. Ni kweli kwamba zipo picha ambazo rangi zake hupangwa kwa makubaliano. Ile ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995 katika nebula ya Tai, ilionyesha salfa kwa nyekundu, hidrojeni kwa kijani na oksijeni kwa bluu, ili mtazamaji atenganishe gesi moja na nyingine. Kwetu hapa, tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya Malindi, Kenya, kwenda kutafuta miali ya eksirei kutoka angani, mwanga ambao hakuna binadamu atakayeuona kwa macho. Anayetaka picha ibaki na kile tu kinachoonwa na jicho anaifungia nje sehemu kubwa ya ulimwengu. Tunachopaswa kumdai mtengenezaji ni aseme alichofanya.

Ndiyo maana sharti la pili katika hoja yangu ni maandishi. Chini ya kila picha iliyochapwa pawe na mistari michache: mahali, tarehe na saa, upande kamera ilikoelekea, aina ya lenzi, idadi ya picha zilizopandanishwa, na jambo lolote lililobadilishwa. Kama ardhi ilipigwa jioni na anga usiku wa manane, liandikwe. Kama rangi zinawakilisha gesi, liandikwe. Mistari hiyo haimpunguzii msanii heshima. Inampa mtazamaji uwezo wa kwenda mahali palepale, msimu uleule, akahakiki kwa macho yake. Watu wa mwambao wamekuwa wakihakiki anga siku zote: mwandamo wa mwezi huthibitishwa kwa ushahidi, nahodha alijua nyota ya kumwelekeza usiku, na mkulima aliitazama Kilimia kabla ya kupanda. Picha yenye maelezo kamili inawaheshimu watu wenye desturi hiyo, kwa kuwa inakubali kuulizwa.

Pingamizi la pili linasema: karatasi ya nini, wakati simu inaonyesha kila kitu bure? Faida ya simu ni kubwa, nami siipingi. Hata atlasi ya Barnard, ambayo nakala 700 ziliinyima wasomaji wengi, leo inatazamwa kwenye intaneti na yeyote. Lakini tazama simu inavyoifanyia picha ya nyota. Picha yenye maelfu ya vitone hubanwa mpaka ienee kiganjani, na nyota hafifu, ambazo ndizo zinazolipa anga kina chake, humezwa na ubanaji huo. Hutazamwa kwa sekunde chache, na mtu mmoja peke yake. Chapa ya ukutani yenye upana wa mkono huruhusu mtu kusogea karibu na kurudi nyuma, huwakusanya watu wawili watatu wakabishana kidole kikiwa juu ya karatasi, na kesho wataikuta palepale. Picha iliyofungiwa ndani ya simu ni mbegu bora iliyosahauliwa ghalani: uzima wake haumfai mtu mpaka itoke.

Kuchapa nako kuna ufundi wake, na anayeudharau ataiharibu kazi. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, lakini karatasi hurudisha ule wa chumba tu. Kwa hiyo picha iliyoonekana safi kwenye kioo hutoka nzito na yenye kiza ikichapwa. Sehemu za kivuli zinahitaji kuinuliwa kidogo, na ni busara kuanza na kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapa kubwa. Mashine nyingi za studio zimepangwa kwa picha za harusi na pasipoti. Zikikutana na anga jeusi huliona kuwa ni kosa, zikaling'arisha hadi rangi ya majivu. Mteja aombe usahihishaji huo wa moja kwa moja uzimwe. Karatasi isiyo na asidi na wino wa pigmenti hudumu muda mrefu kuliko karatasi na wino wa kawaida, na popote itakapotundikwa, isipigwe na jua la moja kwa moja. Mambo haya hayahitaji maabara, ila yanahitaji mtu anayejali, kama Barnard alivyojali.

Wapo watakaosema: sisi anga tunalo, mtoto atoke nje atazame. Natamani iwe rahisi hivyo. Atlasi ya dunia ya mwangaza wa anga, iliyotolewa mwaka 2016 na timu ya Fabio Falchi, ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga wa taa, na theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe wakiwa nyumbani kwao. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliotegemea watazamaji wa kujitolea kati ya 2011 na 2022, ulikuta mwangaza wa anga ukiongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka, kasi inayotosha kuuongeza maradufu ndani ya miaka minane. Afrika bado ina sehemu kubwa zenye giza safi, lakini miji yetu inakua na taa zake zinakua nayo. Mtoto wa Kariakoo au Eastleigh hana Njia Nyeupe juu ya nyumba yao. Yule wa kijijini anayo, lakini mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba utepe ule ni nyota zisizohesabika na kwamba madoa yake meusi ni mawingu. Wa kwanza, chapa humwonyesha alichokosa. Wa pili, humweleza alicho nacho. Na mtu ambaye hajui kwamba ana kitu hataombwa ruhusa kinapoondoshwa. Tukitaka halmashauri zichague taa zinazomulika chini badala ya kumulika mawingu, lazima kwanza wapiga kura wajue kilichoko juu ya mwanga huo.

Pingamizi jingine hutoka kwa wasanii wenyewe. Wanahofu kwamba chapa zikiwa nyingi zitapoteza thamani, kwa hiyo afadhali zitolewe chache, zenye namba na saini, kwa wanunuzi wenye uwezo. Msanii ana haki ya kula kwa jasho lake, na chapa kubwa yenye saini iuzwe kwa bei inayostahili. Lakini turudi kwa Adams: inakadiriwa kwamba Moonrise aliichapa zaidi ya mara 1,300 katika maisha yake, na bado mwaka 2006 chapa moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola 600,000. Wingi haukuiua. Wingi ndio uliowafanya watu wengi waijue na waitamani. Chapa ndogo inayotolewa kwa shule haimnyang'anyi mnunuzi yeyote wa chapa kubwa, bali inatengeneza watu watakaothamini kazi hiyo miaka ijayo.

Nimeliacha mwisho pingamizi lenye uchungu zaidi: shule inayokosa madawati na zahanati inayokosa dawa, kweli zipewe picha za nyota? Dawati litangulie, na dawa itangulie. Hakuna picha itakayochukua nafasi ya vitu hivyo. Lakini fedha ya chapa moja haitoki kwenye fungu la dawa. Inatoka mfukoni mwa mpiga picha, klabu ya picha, mwenye studio, au kampuni inayochapa kalenda kila Desemba na kuzigawa bure. Kalenda hizo zinatundikwa tayari katika maduka, ofisi za kata na sebule zetu. Swali ni zitabeba nini. Barnard alikuwa mtoto fukara mwenye elimu ndogo, na kilichomfikisha kwenye nyota ni studio ya mtaani. Umaskini wake haukupaswa kuwa sababu ya kunyimwa anga, na wa watoto wetu vilevile.

Kwa hiyo, wewe uliye na kamera na umeshapata picha unayoiamini, nakuomba jambo moja. Chagua moja iliyo bora kuliko zote. Ichape kwa uangalifu, andika chini yake ukweli wote wa jinsi ulivyoipata, kisha ipeleke kwenye shule, zahanati au ofisi iliyo karibu nawe, uombe itundikwe mahali ambapo watu husubiri. Nanyi walimu na wakuu wa ofisi, mkiletewa, ulizeni maandishi yako wapi, na msiipokee bila hayo. Anga tulilojaliwa ni la kupigiwa mfano, na ushahidi wake uwekwe wazi, mbele ya macho ya wote.